Bango Nililotundika Juu ya Mlango wa Fundi

Kuna Jumanne moja ya msimu wa mvua ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nimekuzidi miaka michache tu, na labda unacheka ninapokuita hivyo, lakini katika kituo chetu aliyetangulia kuingia humwita anayefuata mwanangu. Nami niliitwa hivyo, hata na dada mmoja niliyemzidi umri. Kwa hiyo vumilia. Wiki ijayo unaanza kazi katika tawi letu la hapa Kitale, na kabla hujashika ufunguo nataka ujue kituo kilianzaje, na jinsi nilivyokaribia kukiharibu nikiwa na nia njema kabisa.

Kilianzia Bungoma, katika duka la ushonaji la Mama Robai. Yeye hakusomea kazi hii. Alikuwa fundi wa nguo, na kule nyuma alikuwa na pazia la kupimia wateja. Siku moja mteja alipoinua mikono apimwe, Mama Robai aliona alama za vidole vya mtu kwenye ngozi yake. Hakuuliza kitu. Aliendelea kupima polepole, akapima hata sehemu ambazo gauni halizihitaji, mpaka mwanamke yule akaanza kusema mwenyewe. Akampeleka hospitali. Mwezi uliofuata mwanamke huyo alimleta mwenzake, eti anataka sketi.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea kwa miaka. Anayeingia pale anaonekana amefuata nguo, na akitoka ana nguo mkononi. Mume, shemeji, jirani, hakuna anayejua lingine. Baadaye Mama Robai akapata muuguzi wa kujitolea, kisha chumba cha pili, kisha mimi.

Mimi nilitoka chuo kikuu na shahada ya maendeleo ya jamii na hofu ya kila kitu. Niliandika ujumbe wa simu na kuufuta mara nne. Mtu akinisalimia "Niaje", nilipima jibu mpaka akawa amepita. Basi tulipoambiwa kwamba wageni watakuja kuiona kazi yetu, nilikosa raha. Je, wakipotea njia? Je, wakidhani hili ni duka tu? Halafu likaja wazo jingine, na hilo lilinipendeza: kwa nini tujifiche hata kidogo? Aibu ni ya aliyetenda, si ya aliyetendewa. Bado naamini hivyo, na sitaki usikie nikikuambia vinginevyo. Mama Robai alipokwenda mazishini Bokoli, nilimwita mchoraji. Jumatatu alasiri bango likapanda juu ya mlango, kwa herufi nyekundu: KITUO CHA MSAADA KWA WALIOBAKWA.

Jioni hiyohiyo Mama Robai alinipigia simu kutoka Bokoli. Kuna mwanamke wa Kapsokwony, kule mlimani, alikuwa amezungumza naye kwa simu. Nitamwita Chemutai, ingawa silo jina lake. Alikuwa ameshambuliwa Jumamosi alasiri akitoka sokoni, na aliyemshambulia alikuwa mtu wa ukoo wa mumewe.

"Naliaka, kesho asubuhi anakuja," Mama Robai aliniambia. "Nimemwambia aulize duka la fundi. Zile dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima azianze kabla siku tatu hazijakwisha, na zinakwisha kesho alasiri. Mpeleke hospitali kabla ya jambo lingine lolote. Mimi natoka huku mapema, nitawakuta."

Sikumwambia kuhusu bango. Nilitaka alione mwenyewe, afurahi.

Asubuhi ikafika, saa tatu, saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na nilijua barabara za kule juu zinavyoteleza. Nilitembea kutoka cherehani hadi dirishani na kurudi. Nje ya duka, vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakilisoma bango kwa sauti.

"Ati waliobakwa! Hii mji imefika, bana."

"Sasa nani ataingia hapo na sisi tuko?"

"Tukae tuone. Wa kwanza nitamjua mpaka kwao."

"Si uingie wewe, Wafula? Bibi yako anakuchapa kila siku."

Wakacheka mpaka mmoja akajishika kwenye usukani. Mimi nilisimama nyuma ya dirisha, na hapo ndipo nilipoanza kuliona kosa langu. Lakini hata hapo, mwanangu, sikutoka kuliondoa bango. Niliwaza kwamba nikiliondoa watanicheka mimi.

Saa tano na nusu nikamwona. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vitambaa, viatu vyake vikiwa na tope jekundu, akishikashika kitambaa ambacho hakukitazama. Alikuwa akitazama juu ya mlango wetu. Midomo yake ilisogea, akisoma. Nilipiga namba yake niliyopewa na Mama Robai. Niliiona simu ikiwaka mkononi mwake, akaiangalia, akaizima.

Nilijua la kufanya? Sikujua. Nikitoka na kumwendea, wote watajua ninamwendea nani. Nikikaa, ataondoka. Nikimtuma mtu, nitamwambia nini? Nikawaza hivyo dakika nzima, kisha nikafanya baya kuliko yote. Nilifungua mlango, nikasimama chini ya herufi zile nyekundu, nikampungia mkono aje.

Vijana wote wa bodaboda waligeuka kumtazama.

Chemutai aliangusha kitambaa, akavuta leso yake mpaka kwenye paji la uso, akatembea haraka kuelekea stejini.

Mama Robai alinikuta papo hapo mlangoni, mkono bado uko hewani. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka garini, na mkoba wake wa safari begani. Alitazama bango.

"Ni yule?" aliuliza.

"Ndiye."

"Na umemwita kwa mkono, ukiwa hapo chini?"

"Mama, nilitaka tu watu wajue kituo kiko wapi. Hatuna sababu ya kuona aibu."

"Wewe huna. Na yeye usiku wa leo atalala katika boma la nani?" Alikuwa tayari ameingia ndani na kutoka na gauni la kitenge ambalo halijapindwa. "Njoo. Na usifungue mdomo."

Magari ya kwenda juu hayaondoki mpaka yajae. Gari la Probox lililokuwa kwenye zamu lilikuwa limebakisha nafasi moja tu. Chemutai alikuwa kiti cha nyuma, uso dirishani. Tukiwa bado mbali kidogo, mzee mmoja mwenye gunia la mbegu alikuwa akielekea kwenye nafasi ile ya mwisho. Ulikuwa umebaki muda wa saa tatu hivi zile siku tatu za dawa zikamilike. Gari lile likiondoka, hakuna pikipiki ya mlimani ambayo ingemrudisha kwa wakati.

"Wee msichana!" Mama Robai alipaza sauti kama fundi aliyeudhika. "Gauni nimekata, nimeshona, halafu unanikimbia bila kupima? Sherehe ni kesho! Mama mkwe wako akiniuliza nimwambie nini?"

Watu wakageuka. Dereva akatoa kichwa.

"Mama, tunatoka sasa. Huyu ni abiria wangu."

"Huyu ni mteja wangu kwanza."

"Achana naye! Si hata bibi yangu ulimshonea nguo ikamfinya?"

"Alinenepa baada ya kupimwa. Muulize mandazi alikula ngapi."

Stejini kote wakacheka, na safari hii hakuna aliyemcheka Chemutai. Nilimwona akiisikiliza ile sauti. Ndiyo sauti aliyoisikia simuni jana yake. Mama Robai hakumshika mkono wala hakufungua mlango wa gari. Alisimama tu, ameinua gauni kifuani, akingoja. Nilitaka kusema samahani, nilitaka kueleza, lakini nilishaambiwa nisifungue mdomo.

"Mabega yalikuwa yanabana," Chemutai alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Basi shuka tuyalegeze."

Akashuka. Mzee wa gunia akakaa, gari likaondoka. Hatukurudi dukani. Tulipita uchochoro wa nyuma hadi hospitali, na alimeza kidonge cha kwanza dakika arobaini kabla ya muda kwisha. Mimi nilimshikia bilauri ya maji.

Bango nililiondoa mwenyewe alasiri ile, vijana wakinitazama. Walinicheka. Nilidhani nitakufa kwa kuchekwa, kumbe hata haikuuma sana. Na Chemutai? Kesi yake ilichukua muda mrefu. Siku moja, mbele ya wazee wa ukoo waliotaka mambo yamalizwe nyumbani, alisimama na kusema neno lilelile nililoliandika kwa rangi nyekundu. Alilisema mwenyewe, alipokuwa tayari, na walimsikiliza.

Ninachokuomba ni hiki, mwanangu. Mtu akija kwako, jambo lililompata usilitaje kwa jina kabla yeye hajalitaja. Ukiona una wazo zuri sana, jiulize ni nani atakayelala nalo nyumbani. Nami ninayewaza mno nakuambia: kuwaza si kosa, ila siku ile niliwaza wageni, nikawaza kuchekwa, nikajiwaza mimi. Mwaze yeye kwanza. Ukikosea, na utakosea, usikae kueleza; kimbia ukarekebishe, kisha uombe msamaha akishapona.

Mungu akupe moyo mtulivu kuliko wangu. Akupe subira ya kungoja mtu mpaka aseme. Na kila mwanamke atakayeshuka mlimani akikutafuta, amfikishe kwako muda ungalipo.