Mwanamke Aliyeshika Barabara ya Pazia

Ukitaka kucheka, cheka. Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana kweupe, wala sikuwa na homa.

Ilikuwa mwaka 2004, kwenye ghala moja la Hyattsville, huku ughaibuni, tunakochora mapazia ya jukwaa la opera, ile michezo ya kuigiza kwa kuimba. Pazia hulazwa sakafuni, kubwa kuliko nyumba, nasi hutembea juu yake kwa soksi tukipaka rangi kwa brashi zenye mipini mirefu kama ya fagio. Mara ile bosi alikuwa amenipa, kwa mara ya kwanza, pazia zima nilichore peke yangu: barabara inayokwenda mbali hadi milimani. Likiharibika, narudi kuosha ndoo. Nikaapa haliharibiki.

Jumapili moja, niko peke yangu, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu: "Hodi!"

Mdomo ukanitangulia: "Karibu, mama, pita!"

Wala sikugeuka. Sasa niambie, nani abishe hodi kwa Kiswahili mle ndani, na mlango nimeufunga mwenyewe?

Akapita, mama mtu mzima, kajitanda khanga, miguu peku na nje theluji. Akakanyaga rangi mbichi.

"Mama, haijakauka hiyo!"

"Si umenikaribisha, mwanangu?"

Akashika barabara niliyoichora. Kila hatua alipungua: akawa kama mtoto, akawa kama kidole, akapotelea milimani. Niamini, hata nyayo alizoacha zilipungua, za mwisho kama za sisimizi.

Nililia kwa hasira, sikufichi. Kisha nikachukua brashi, nikafuta unyayo baada ya unyayo mpaka jioni. Kesho yake bosi alilisifu pazia.

"Wachana na hiyo job, please," mume wangu, Mkenya, alinisihi nilipomsimulia nyumbani, Langley Park. Niiache? Kazi niliyoihangaikia vile?

Lakini kila opera yenye pazia lile ikirudiwa, bosi hunipigia simu. Pazia likikunjuliwa, kuna mwanamke barabarani, anakuja huku. Naenda, namfuta. Mara ya kwanza alikuwa kama punje ya mchele. Safari hii alinifikia kiunoni.

Basi ndugu yangu, ukisikia hodi, hata ugenini, geuka kwanza umwone aliyebisha. Na ukienda opera ukamkuta mama wa khanga kwenye pazia, kaa viti vya nyuma kabisa. Mimi nimeshanunua brashi pana zaidi. Hatoki mle.