Betri ya Kinyozi na ya Dada Yake

Fundi cherehani na kinyozi walikuwa mapacha, dada na kaka, na tangu utotoni waligawiwa kila kitu sawa kwa sawa, isipokuwa kuaminiwa.

Kinyozi alianguka mara moja tu, mashine ya kunyolea mkononi, mbele ya wateja watatu. Wiki haikuisha, akawa amewekewa betri ya moyo chini ya ngozi ya kifua, kile kifaa kidogo kinachousukuma moyo unaposahau kupiga. Akarudi kazini, na kila mteja akafunguliwa kifungo cha shati la kinyozi aone kovu, atake asitake.

Dada yake aliangukia vitambaa mara nne katika miaka miwili, na vitambaa havitoi ushahidi. Kila alipokwenda hospitali kusema moyo wake unapiga polepole na anaanguka, daktari alimuuliza kama ana mawazo, kama mume ni mkali, kama umri wa kukoma hedhi umefika. Akarudi na vidonge vya usingizi. Basi akamwonea kaka yake wivu, wivu mkavu usio na haya. Alipomshonea shati aliliacha limbane kifuani makusudi, kisha akajuta, akalifumua.

Siku ya kinyozi kukaguliwa betri, dada alimsindikiza. Kinyozi alikuwa amefundishwa kuhesabu mapigo yake kila asubuhi, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, pale kwenye benchi akamshika dada kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani. Akahesabu. Akahesabu tena. Mapigo thelathini na manne kwa dakika.

Akamvuta hadi kwa daktari yuleyule aliyempa dada vidonge vya usingizi.

"Daktari, moyo wa dada yangu unapiga polepole mno. Ameshaanguka mara nne."

Daktari akaweka kalamu chini. Siku hiyohiyo fundi akapimwa, akalazwa, na siku ya tatu naye akawa na betri yake. Maneno hayohayo alikuwa ameyasema yeye, kwenye kiti hichohicho. Alishukuru, maana alitaka kuishi, lakini nyongo ilimjaa.

Alipotoka hospitali nyumba ilifurika, na kila mgeni alimpa mkono kinyozi kwanza. Shangazi akapitiliza, akasema bila yeye wangekuwa matangani. Kinyozi akajikuna kisogo.

"Msinishukuru mimi, shangazi. Nimesema tu alichokuwa anasema mwenyewe miaka miwili. Akisema yeye, wanasikia mawazo. Niliposema mimi, wakasikia ugonjwa."

Mjomba akasema hayo ndiyo maneno ya mtu mwenye busara, na wote wakaitikia.

Fundi akamtazama kaka yake, kiganja juu ya bandeji. Maneno hayo alikuwa nayo kooni tangu mwaka juzi. Sasa kayasema kaka, na yeye ndiye aliyeaminiwa.