Nilisomewa dua kwa neno lile lile analosifiwa kaka yangu

Admin, asante kwa kunifichia jina, maana Isiolo ni ndogo na hata hivyo kuna watakaonijua. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, kitinda mimba, naishi na wazazi wangu Kiwanjani. Baba anafanya biashara ya mifugo, Mama anauza maziwa ya ngamia sokoni na mimi ndiye ninayewapimia wateja. Kuna wanawake wanaovuka kibanda chetu wakaenda kununua kwa jirani kwa sababu yangu. Nitawaeleza ni kwa nini.

Nilipokuwa kidato cha tatu, nikiwa nyumbani likizo, kaka yangu, nitamwita Guyo, alirudi kutoka chuo na simu iliyojaa anime, zile katuni za Kijapani. Mimi sikuwa na simu. Kila likizo tulikuwa tukijificha nyuma ya nyumba, mahali pa kuoshea mitungi ya maziwa, tunatazama sauti ikiwa chini. Baba alikuwa amemwambia Guyo wazi, "Hiyo simu ni ya masomo. Nikikuta katuni tena, karo utajilipia." Guyo alipenda ngumi na kurukaruka. Mimi nilipenda maneno. Nikaanza kuyaandika kwenye daftari, nikajifunza herufi zao, na Guyo akawa ananitolea masomo ya Kijapani na video za sayansi kwenye mtandao. Huko ndiko nilikoona nyumba za Japani zinavyojengwa ziyumbe na tetemeko bila kuanguka. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Niliamua siku moja nitaenda huko kusomea matetemeko ya ardhi, na sikumwambia mtu isipokuwa Guyo.

Kosa langu lilikuwa kuiga sauti. Ukijifunza kwa anime unajifunza kwa kuiga, na niliyempenda zaidi kuiga alikuwa mzee mmoja mwenye sauti nzito ya kukwaruza. Alasiri moja Mama alikuja kuchukua mtungi akanikuta peke yangu, nimeunganisha viganja, nimeinamisha kichwa, nikisema kwa sauti ya mwanamume, "Itadakimasu." Ni neno ambalo Wajapani husema kabla ya kula. Mama aliponyokwa na mtungi. Nilimwambia ni Kijapani tu. Akaniuliza, "Mjapani gani amekuja Kiwanjani kukufundisha?" Nilitaka kutaja simu ya Guyo, nikakumbuka karo yake, nikainama kuuokota mtungi.

Kesho yake akaitwa sheikh anitoe jini. Huyo simlaumu hata kidogo, alikuwa mtu mpole, na ndiye pekee aliyeuliza swali la maana. Alisema, "Huyu msichana anasema ni lugha, amejifunza. Kuna mtu hapa ndani anajua hayo maneno?" Guyo alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilimkazia macho mpaka yakaniuma. Baba akamgeukia, "Guyo, wewe ndio msomi hapa. Unajua hii kitu?" Kaka yangu akaangalia zulia, akasema, "Mimi sijui."

Nikasomewa siku tatu. Dua zenyewe hazikuniumiza, Qur'ani hunituliza hata leo. Kilichoniumiza ni daftari zangu, ambazo Mama alizitia kwenye moto wa kufukizia mitungi. Nikatolewa shule ya bweni, nikakaa nyumbani karibu mwaka mzima, kisha nikamalizia shule ya kutwa na alama za kujikokota. Mtauliza mbona sikusema ukweli baadaye. Nilisema. Guyo akakana tena, na ikaonekana sasa jini limenifundisha na uongo. Habari ikatoka kwetu ikafika hadi mtaa wa Chechelesi kabla ya wiki kuisha. Lakini haya yote ningeyameza kama si Mama. Baba akisafiri na mifugo nilikuwa nalala na Mama tangu nikiwa mdogo. Tangu siku ile hajawahi kulala chumba kimoja na mimi, na nikiingia jikoni ghafla anashtuka. Mama yangu ananiogopa, jamani.

Sasa mwezi uliopita Guyo amepata nafasi ya mafunzo ya kazi, na nchi yenyewe ni Japani. Kumebaki mahojiano, nusu yake kwa Kijapani. Baba akaalika majirani. Chakula kilipowekwa, Guyo akaunganisha viganja, akainamisha kichwa, akasema, "Itadakimasu." Watu wakacheka kwa furaha, wakamwomba arudie. Mama akasema, "Mashallah, kijana wangu anaongea Kijapani." Halafu akasita. Akanitazama, na nilijua amelikumbuka lile neno. Nikangoja aseme kitu mbele ya wale watu. Akaniongezea nyama kwenye sahani, akaenda jikoni, hakutoka mpaka wageni wameondoka.

Siku iliyofuata Guyo akanifuata kibandani. "Siz, mimi najua tu kama maneno kumi. Wewe ndio unajua hii lugha. Nifundishe, nikifika huko nitakuvuta."

Nikamwambia, "Kwanza mwambie Mama ulisema uongo."

"Nikisema saa hii, si mzee wetu atafutilia mbali hii safari? Wacha nifike kwanza."

Zimebaki wiki mbili kufika mahojiano. Daftari ziliungua lakini kichwa changu hakikuungua, Kijapani bado ninacho na ninaweza kumvusha. Nampenda kaka yangu, na hiyo ndiyo shida. Nikimfundisha, ataondoka na ndoto yangu mimi nikibaki hapa kupima maziwa, yule msichana wa majini. Nikikataa, atafeli, na nitakayemwona akilia ni Mama. Leo asubuhi ameniuliza tena tunaanza lini, na nimemwomba anipe mpaka kesho. Ndugu zangu mnaosoma, nishikeni mkono, mniambie nimjibu nini, kwa sababu jibu lililoko kwenye ulimi wangu ni lile lake: mimi sijui.