Binti wa Sandukuni

Aliingia sandukuni mara ya kwanza akiwa na miaka saba, siku mama yake, mwenye kazi hiyo, alipoamka na mgongo uliokaza kama ubao. Mabango ya mazingaombwe yalikuwa yamekwisha kubandikwa mji mzima, na onyesho lilikuwa saa tisa. Baba yake akamtazama kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha akamwambia, "Mwanangu, hebu jikunje." Akajikunja: magoti kifuani, kidevu juu ya magoti. Baba akafunika, akahesabu hadi mia, akafunua.

"Umelia?"

"Sijalia."

"Basi wewe ni wetu."

Na kweli walikuwa watu wa jukwaani tangu babu mzaa baba, aliyekuwa akirusha visu na kuvidaka. Baba aliachana na visu akashika karata, leso na mipira midogo. Mabango yalimwita Profesa, ingawa shule aliiacha darasa la tano. Kaka mkubwa alibeba mizigo, akafua nguo za onyesho na kuvuta pazia. Walihama mji hadi mji na masanduku manne ya mbao, wakipanga chumba kimoja katika nyumba za wageni. Binti alijifunza kuzidisha katika mji huu, kugawanya katika mji ule, na mahali zilipofundishwa desimali hawakuwahi kufika.

Alipokuwa na miaka kumi na minne, kaka yake alisema amechoka kuvuta pazia, anataka kuendesha malori. Baba hakufoka. Alimwambia tu, "Ukitoka mlango huo, kazi yangu usiniulize tena." Kaka akatoka. Baadaye kidogo mama alishikwa na kifua, hakuamka tena. Wakabaki wawili, baba na binti, mmoja mbele ya watu na mwingine ndani ya sanduku.

Miaka ikapita hivyo. Kisha kidole gumba cha baba, cha mkono wa kulia, kikaanza kutetemeka. Asubuhi alikunywa chai kwa mkono wa kushoto, wa kulia akiukalia. Binti alijifanya haoni, naye baba akajifanya haonwi.

Mambo yaliharibika kwenye ukumbi wa shule moja, mchana, watoto wamejaa hadi madirishani. Binti alikuwa mle sandukuni, akifuata onyesho kwa masikio kama kawaida yake. Akasikia mpira ukigonga mbao: tok, tok, tok. Kicheko kikazuka, si kile cha kushangaa. Baba akaanza upya. Mpira ukaanguka tena, na sauti ya mtu mzima kutoka nyuma ikasema, "Mzee, kanywe chai kwanza!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Zamu yake ya kutoka ilikuwa bado. Akasukuma kifuniko kwa kichwa, akatoka. Aliuokota mpira, akaupitisha kutoka kiganja hadi kiganja, akaupoteza, akaja kuutoa nyuma ya sikio la mwalimu mkuu. Mchezo ule hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameuiba kwa macho tangu utotoni, akaufanyia mazoezi kwa vipande vya sabuni kila alipofua. Watoto wakapiga makofi hadi vumbi likatimka. Akainama kuwashukuru, na baba akainama pembeni yake, maana hakuwa na la kufanya.

Siku kumi na moja baba hakumsemesha. Alizungumza na kondakta wa basi, akazungumza na mwenye nyumba ya wageni, lakini alimpita binti yake kama anayepita kiti. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, akavuta kigoda, akapanga vikombe vitatu juu ya sanduku na kuketi.

"Mkono wako wa kushoto hujui kudanganya nao," alisema. "Unautazama. Ukiutazama wewe, nao watautazama."

"Nifanyeje, baba?"

"Usahau kwamba unao."

Msamaha wenyewe ulikuwa huo. Binti alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka sita baba alimfundisha kwa mdomo, mikono yake ikiwa haiwezi tena hata kufunga shati. Binti ndiye aliyemfunga vifungo, na hata hapo alikosolewa: "Vidole vyako vina haraka." Siku alipouliza mabango yaandikwe jina gani, baba alisema, "Profesa. Nani kasema profesa lazima awe na ndevu?"

Baba aliugua ghafla katika mji ambao walikuwa hawajamaliza hata siku tatu. Hospitalini, muuguzi alileta fomu.

"Mgonjwa ni mwenyeji wa wapi, dada?"

Binti akafikiri. Babu alizikwa njiani, mama alizikwa njiani, tena njia nyingine.

"Andika hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa."

Muuguzi akaandika. Alhamisi kabla ya adhuhuri baba alikata roho. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya shuka. Binti aliishika yote miwili, akakaa nayo hivyo mpaka walipokuja kumchukua.

Alimpigia simu kaka yake, naye akaja na lori lake la saruji, uso mweupe kwa vumbi. Waliozika hawakuzidi saba: wao wawili, mwenye nyumba ya wageni, mlinzi wa ukumbi, yule muuguzi na wachimba kaburi. Kaka alichukua koleo kwa wachimbaji, akafukia mwenyewe hadi mwisho.

Kesho yake akapakia masanduku yote manne ili ampeleke mdogo wake mji uliofuata, ambako shule moja ilikuwa ikingojea onyesho lake. Walikwenda mwendo mrefu.

"Mdogo wangu," kaka alisema hatimaye, "ile ya leso. Anaichukua kwa mtu, anaichoma, halafu anaitoa nzima. Miaka ishirini na sita nimeendesha gari nikiiwaza."

"Baba alikataza."

"Najua alikataza."

Binti akatazama barabara. Hakuna aliyewahi kutoa siri ya nyumba yao kwa mtu aliyeondoka.

"Leso huwa mbili," alisema. "Inayoungua si ya mtazamaji."

"Mbili?"

"Mbili."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nikizifua! Nilidhani ni za akiba!"

Akacheka, akapiga usukani kwa kiganja, akacheka tena. Akasogeza lori pembeni mwa barabara na kuzima injini. Alilia kwa sauti, kama mtoto. Dada yake hakumwambia anyamaze. Alimwekea mkono begani, akangoja, malori mengine yakiwapita na kuwapigia honi, mpaka kaka alipojifuta uso kwa mkono wa shati na kuwasha gari tena.