Maji ya Kwanza ni ya Jua

Juzi hotelini niliona kipimajoto kikielea kwenye hodhi la maji moto, nikakumbuka mfereji wetu wa Voi.

Nilikuwa mtoto, na shangazi alikuwa ameshuka kutoka Mwanda milimani, kwenye ukungu na maji baridi kama barafu. Alasiri alifungua mfereji uani, akamsogeza mdogo wangu mchanga amwogeshe. Mama alitoka jikoni mbio, akamnyakua.

"Wifi, utamchoma! Maji ya kwanza ni ya jua!"

Maji yalimwagika yakinuka plastiki. Nilizunguka uani, jasho likiniwasha, nikingoja jua lije kunywa upesi tuoge. Sikujua kuwa bomba jeusi la mfereji lilishinda juani, likayachemsha maji yaliyolala ndani yake.

Pale hotelini mwanangu alikuwa akirukaruka, ashavua shati. Nilimshika mkono, nikingoja kipimajoto kishuke.

"Tunangoja nini, Baba?"

"Jua linywe kwanza."