Mapaja ya Kuku ya Shangazi Nyamizi

Jamani, hii aibu nilishaapa nitazikwa nayo, lakini juzi nimekuta mama mmoja wa Tandika nisiyemjua kabisa anaisimulia saluni, tena anaisimulia vibaya (eti nilimchora mama mkwe na mbuzi), nikaona bora niiseme mwenyewe ningali hai, maana mkisubiri wengine mtaletewa mpaka ng'ombe.

Naitwa Mwanaidi, nakaa Temeke na mama yangu, kazi yangu ni mapokezi kwenye zahanati, na ugonjwa wangu ni kuchora watu. Mgonjwa akikaa kwenye benchi kusubiri majibu ya damu, mie huku nyuma ya kaunta nishammaliza, pua, kilemba na ile sura ya mtu anayeogopa sindano. Miaka yote nilikuwa nachoraga kwa kalamu ya wino nyuma ya makaratasi yaliyoharibika, mpaka siku moja nikamwona kwenye simu binti anachora juu ya kioo, anapaka rangi, akikosea anafuta, hana hata doa kidoleni, nikajiambia kumbe mwenzenu nilikuwa naishi gizani. Nikaanza kujinyima, chipsi nikaziacha, vitenge vya mkopo nikavikataa, na siku ya siku nikaingia Kariakoo.

Kijana muuzaji (mpole, mvumilivu, Mungu ampe umri mrefu) akanipangia vibao vya kuchorea vya aina tatu. Cha kwanza hakina kioo, ni ubao mweusi tu, unachora hapa huku macho umeyakodoa kwenye kompyuta, na ndicho cha bei rahisi kuliko vyote. Nikakijaribu, nikachora jicho likaenda kukaa sikioni. Cha pili kinajitegemea chenyewe kama simu kubwa, hakitaki waya wala kompyuta, ila nilipotajiwa bei nikarudisha mikono mgongoni nisije nikakichafua. Cha tatu ndicho kikawa saizi yangu, kina kioo, unaona mstari unatokea pale pale chini ya kalamu, na bei yake mtu wa mapokezi aliyeacha chipsi anaiweza, lakini hakina akili yake mwenyewe, lazima kichomekwe kwenye kompyuta.

"Sista, hiki ni kioo tu cha kompyuta yako," kijana akaniambia. "Kinachoonekana hapa na kule kinaonekana. Kaa basi nikuelekeze waya zinavyoingia, na namna ya kuipimisha kalamu, maana ikiwa mpya unagusa hapa, alama inatokea pembeni."

Sasa nyuma yangu walikuwa wamesimama vijana wawili wenye mabegi ya chuo, nikaona aibu kuelekezwa mbele zao kama bibi anayefundishwa kupokea simu. "Najua, najua," nikasema, "we nifungie tu." Najua! Nilikuwa najua nini mie? Hiyo "najua" ndiyo iliyozaa yote yatakayofuata, na kama kuna siku nitarudishiwa neno moja nililowahi kulisema duniani, naomba niletewe hilo.

Basi. Mdogo wangu Salma alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Kassim, ni kijana mzuri asiye na makuu, kwao ni Tabora lakini wamejenga Madale, huko juu vilimani, ukoo mzima kwenye uwanja mmoja, na Salma alikuwa anakwenda kuishi humo humo. Na kwenye ule uwanja mwenye sauti si baba yake Kassim, ni dada wa baba yake, Shangazi Nyamizi, mwanamke mrefu, mnene, wa maneno machache, ambaye siku walipoleta posa aliikagua sebule yetu pole pole, halafu akasema, "Watu wa Pwani maneno mnayo. Ngoja tuone na adabu." Tangu siku hiyo mama hakulala vizuri, maana alijua Shangazi Nyamizi akimkubali Salma, basi Salma kakubaliwa na Madale nzima, na akimkataa, mtoto atakwenda kuishi kwenye barafu.

Nisisahau kusema, sie ni Wazaramo na wao ni Wanyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, tunatukanana mpaka msibani na hakuna anayenuna. Lakini mama alituonya mapema: "Wale sasa ni wakwe. Utani uacheni nyumbani."

Ikaja siku ya sendofu, sherehe ya upande wetu ya kumuaga bibi harusi, ukumbi hapa hapa Temeke, wakwe wamealikwa na kupangiwa meza kuu ya wageni. Na mie kwa kiherehere changu nilikuwa nimeiambia kamati kwamba zawadi yangu haitafungwa kwenye karatasi, nitamchora Salma papo kwa papo, picha inakua ukutani huku watu wanaangalia. Kamati ikapiga makofi. Salma peke yake ndiye hakupiga.

"Dada, utanichora mimi tu?" akaniuliza.

"Wewe tu, mama."

"Usimchore mtu mwingine. Nakujua."

"Aaa, Salma! Mie ni mtoto?"

Nikafika ukumbini na kibao changu na laptopu yangu kuukuu, nikawekewa meza ndogo pembeni ya DJ, wageni mbele yangu, ukuta wa kurushiwa picha mgongoni kwangu. Kufungua, nakuta nyaya tatu, na laptopu ina tundu moja tu la kutolea picha, nikichomeka kibao, ukuta unakosa, nikichomeka ukuta, kibao kinazima. (Ndiyo maelekezo yale niliyoyakataa Kariakoo.) DJ akanionea huruma, akatoa kidude chake chenye matundu mawili, kinagawa picha, moja kwangu, moja ukutani, kibao kikawaka, nikamwona DJ ni malaika.

"Ukutani bado, eti?" nikamuuliza.

"Bado, nitawasha MC akinipa ishara," akasema. Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba aliwasha mapema ili mashine ya kurushia picha ipate moto, kisha akaenda kufuata pilau.

Mie nikakaa. Nikasema ngoja nipashe mkono kidogo, si vizuri kuanza na uso wa bibi harusi ukiwa baridi. Nikainua macho nitafute kitu cha kupashia, na mbele yangu moja kwa moja, meza kuu ya wageni, kakaa Shangazi Nyamizi, na wallahi sikumtafuta, lakini nilimwona kwa macho yangu anachukua paja la kuku kwenye sahani, anatazama kulia, anatazama kushoto, analivingirisha kwenye tishu, analishusha taratibu kwenye mkoba mweusi uliokuwa mapajani kwake, kisha anaweka ile sura ya mtu anayesikiliza mawaidha.

Jamani, mie ni binadamu.

Nikachora kilemba kwanza. Kikatoka vizuri. Nikachora pua, na kwa kuwa kalamu haikupimishwa mstari ukahama, pua ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, nikataka kuifuta, nikaona inampendeza, nikaiacha. MC alikuwa anasema ndoa ni uvumilivu, na upande wa nyuma wa ukumbi watu wakacheka kidogo. Nikachora mkoba. Wakacheka zaidi. Nikasema huyu MC leo kaamka vizuri, ingawa uvumilivu unachekeshaje sikuelewa. Nikamtoa kuku mkobani, nikamwekea na macho, anachungulia nje kama anaomba msaada, ukumbi ukaangua kicheko mpaka kuna mtu akagonga meza, na mie (hapa ndipo nikikumbuka najifunika kanga) nikacheka nao, nikampungia MC mkono kumpongeza.

MC hakunipungia. MC alikuwa ameshusha maiki, ananitazama kwa macho ya mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua.

Nikamtafuta mama, nikamkuta kajiinamia, mtandio kaushusha mpaka kidevuni. Nikamtafuta Salma kwenye kiti chake cha maua, machozi yanashuka na wanja. Na pale meza kuu watu wote wa Madale wameacha kula, wanaangalia juu ya kichwa changu.

Sikugeuka. Mwili ulishajua, akili ndiyo ilikuwa inakataa. Nikakimbilia kufuta, nikagusa alama ya kufuta, na ile kalamu isiyopimishwa ikagusa ya pembeni yake, ambayo ni ya kukuza, na kwa jinsi ukumbi ulivyopiga yowe nikajua kuna kitu kimekua. Nikagusa tena. Kikakua tena. Basi nikaona hapa dawa ni waya, nikashika wa kwanza ulionijia mkononi, nikauchomoa kwa nguvu zangu zote, na kioo changu kikazima, giza, hakuna shangazi, hakuna kuku. Nikashusha pumzi. Nikamshukuru Mungu. Ndipo nikageuka.

Nilikuwa nimechomoa waya wangu. Wa ukutani upo. Kuku amejaa ukuta mzima, macho yake kila moja kama sinia, na pembeni kabisa, kipande cha pua.

Shangazi Nyamizi akainuka. Akaushika mkoba wake, akaja, hakuharakisha, kila hatua moyo wangu unamhesabia Salma barafu yake, nikawaza nipige magoti, nikawaza nizimie, nikaishia kusema "shikamoo" kwa sauti ya panya.

Hakuitikia. Akanyoosha mkono, MC akampa maiki bila kubisha.

"Umenichora mie?" akauliza. Spika zikairudia nje mpaka barabarani.

"Ndiyo, shangazi."

"Kwenu ni watu gani?"

"Sie... sie Wazaramo."

"Na mie?"

"Mnyamwezi, shangazi."

"Mzaramo kumwanika Mnyamwezi na kuku wake mbele za watu, hiyo inaitwaje?"

Nikamwangalia mama. Mama bado yumo ndani ya mtandio. Nikaona liwalo na liwe. "Utani, shangazi."

"Nani kakwambia siku ya ukwe kuna utani?"

Machozi yakaanza kunitoka, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mdogo wangu, kwamba nimemuuza kwa paja la kuku. Nikasema, "Nisamehe mie, shangazi, Salma hana kosa, alinikataza."

Akafungua mkoba wake, akatoa ile tishu, akaikunjua, akaliweka paja la kuku juu ya kioo changu kipya. Mafuta yakatambaa. Halafu akazamisha mkono tena, akatoa jingine, akaliweka pembeni yake.

"Mzaramo," akasema kwenye maiki, "umechora moja. Yalikuwa mawili. Ukiamua kuchora, chora kweli!"

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Wanyamwezi walipanda juu ya viti, vigelegele, DJ katupa sahani kakimbilia muziki, mama katoka kwenye mtandio anacheka na kulia, na Shangazi Nyamizi akamwita Salma kwa kidole, akamfuta wanja kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, akamwambia, na maiki ilikuwa bado inafanya kazi, "Nyumba isiyo na watani ni kaburi. Njoo kwetu, mwanangu."

Lakini mtani akikosa hutozwa, na hilo hakulisahau. Akaichukua ile kalamu mezani, akaisokomeza kifuani, akatangaza kwamba imekamatwa na Wanyamwezi, na itakombolewa siku nitakapokuwa nimewachora wa Madale wote. Mie nikacheka nikidhani nitachorea kidole. Kumbe vibao vya bei yangu kidole havikitambui kabisa (hilo nalo ningeelekezwa Kariakoo), kwa hiyo Salma aliagwa bila zawadi yangu, na kibao nikarudi nacho nyumbani kinanuka kuku. Sasa hivi mama anachambulia mchele juu yake, anasema kile kioo cheusi hakijawahi kuficha jiwe.

Nikitaka kuchora napanda Madale. Nafika, shikamoo shangazi, marahaba mtani, natolewa kalamu kabatini, naletewa shemeji au binamu akae mbele yangu (mpaka sasa hawajaisha, na wanazidi kuzaa), nikimaliza kalamu inarudi kabatini. Sebuleni wametundika ile picha, wameiweka kwenye fremu ya dhahabu, na kila mgeni akiingia Salma ndiye anayeisimulia, anacheka mpaka anakaa chini.

Mkinunua kibao watawaambia angalieni rangi, angalieni ukubwa wa kioo. Sawa, angalieni. Ila mie nimeapa sitasema tena "najua" dukani, na sichori hata yai kabla sijageuka kuangalia ukuta.

Mara ya mwisho nilipokuwa naaga, Shangazi Nyamizi alinisindikiza mpaka getini, akanisukumia kifurushi cha tishu, kina joto, kinanukia.

"Tia mkobani," akaninong'oneza. "Watu wasione."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatia.