Siku Nilipojifanya Mwandishi wa Habari Homa Bay

Hadi leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Homa Bay mimi huinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano, na nikiwaambia sababu mtacheka, lakini chekeni tu, nimezoea.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi ni fundi wa nguo hapa Migori, na nikimaliza kushona nawaandikia vijana wa kanisa letu michezo ya kuigiza. Tukasikia yule mwigizaji wa runinga, yule wa kuigiza chifu mkali (jina nalibana, ana wajukuu sasa), atahojiwa Homa Bay mbele ya watu, moja kwa moja redioni. Mimi na rafiki yangu Pamela, msusi wa nywele jirani yangu, tukafunga kazi tukaenda. Nilibeba daftari yenye mchezo wangu mpya, nikiomba Mungu nipate hata dakika moja nimwonyeshe.

Kufika, ukumbi umejaa, watu wananing'inia madirishani, ila mbele kabisa kuna viti viwili vitupu. Askari wa mlangoni akaangalia daftari yangu.

"Wewe ni wa magazeti?"

Si ningesema hapana? Nikasema, "Ndiyo, kutoka Migori."

"Na huyu?"

"Huyu ni wa picha." Pamela, ambaye hakuwa na kamera wala hata mkoba, alinifinya mpaka machozi yakanitoka.

Basi tukakaa mbele kama wazazi wa bibi harusi. Chifu akaingia (jameni, ni mfupi! Kwenye runinga ya jirani, ile ya betri ya gari, alikuwa jitu), mahojiano yakaanza, nikacheka na wengine nikasahau dhambi yangu, mpaka mtangazaji aliposema, "Sasa maswali ya ukumbini, la kwanza litoke kwa mwandishi wa Migori niliyeambiwa yuko hapa. Jina lako, mama, na gazeti lako?"

Nikageuka nyuma nimwone huyo mwandishi.

"Ni wewe," Pamela akaninong'oneza. "Simama, uongo wako unaitwa."

Nikasimama. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni, nikakumbuka kwamba Migori nzima inasikiliza, pasta wetu akiwemo. Jina nikalisema. Gazeti likakataa kutoka. Swali nililolibeba tangu asubuhi likapotea, na kilichonitoka ni hiki: "Chifu, kwani wewe... ndio wewe kweli?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikataka kuketi haraka nijifiche, mguu ukanasa kwenye waya, nikaenda chini na meza, jagi la maji na hicho kipaza sauti, nikipiga kelele, "Uuwi! Mama yoo!" na hayo ndiyo maneno ya mwisho wasikilizaji walipata kabla ya matangazo kukatika. (Pasta alidhani ukumbi umeanguka. Alikuwa ameanza kutuombea.)

Aliyeniinua ni chifu mwenyewe.

"Umeumia, dada?"

"Sijaumia. Lakini mimi si mwandishi wa habari," nikasema, na huku watu wote wananisikia. "Mimi ni fundi wa nguo."

"Na hii je?" Alikuwa ameokota daftari yangu, inadondosha maji.

"Ni mchezo. Nimeuandika mimi."

Mafundi wa redio wakiwa bado wanaunganisha waya, yeye akaketi ukingoni mwa jukwaa akasoma, nami nimesimama pale nimelowa.

"Huyu mama anayekataa ng'ombe wauzwe, ni nani?"

"Ni shangazi yangu. Nimemwandika vile huongea."

"Huyu ni mtu," akasema. "Lakini hawa malaika wako wa mwisho ni mbao tupu. Watoe, mwache mama aongee. Halafu uwaonyeshe watu wenu, usingoje mtu wa Nairobi."

Matangazo yakarudi, viti vyetu tukanyang'anywa, tukasikiliza yaliyobaki tukiwa nje, na Pamela hakuniongelesha mpaka tulipofika nyumbani.

Malaika niliwatoa. Miezi michache baadaye tuliucheza sokoni Ndhiwa, na wanawake wenye mizigo vichwani walisimama mpaka mwisho bila kuitua.

Kujifanya mtu mwingine nimekoma kabisa. Siku hizi nikiulizwa mlangoni nasema, "Fundi wa nguo, na pia naandika michezo," na kama hakuna kiti, nasimama.